Dada, hiyo laki tisa usiitoe

Wewe uliyeuliza kuhusu kijana wako wa darasa la tatu mwenye disleksia (yaani herufi na sauti zake hazimshiki, kusoma kunamtesa), kwamba ulipe laki tisa ya mazoezi ya masikio pale senta au umhamishe shule, USILIPE. Salamu baadaye.

Mimi nilimlipia mwanangu milioni moja na laki mbili. Miezi mitano, kila Jumanne na Alhamisi tunagombania daladala kutoka Mbagala, dogo akifika anavalishwa hedifoni anasikiliza milio kwenye kompyuta anabonyeza upi umetangulia, na jamaa wa koti jeupe (koti la nini sijui, hata bomba la sindano sikuliona mle ndani) ananionyesha picha ya ubongo ina rangi kama khanga, ananiambia ubongo wa mtoto ni udongo mbichi, masikio yakikaa sawa kusoma kutakuja kwenyewe. Nikameza yote. Dogo akawa bingwa wa gemu, maksi zinapanda kila wiki, mi nachekelea tu. Siku ya bethidei yangu akaniletea kadi: "Dada nakupenda". Yaani baba mzima nimelipa mil 1.2 kugeuzwa dada, na b na d bado zinampiga chenga vilevile.

Hasira ndo zikanifanya nitafute mwenyewe. Kumbe mambo ya milio yalivuma Marekani tangu 1996, na 2011 watafiti walipokusanya majaribio ya programu maarufu ya hayo mazoezi, Fast ForWord, hawakuona ushahidi kwamba inasaidia kusoma. Ubongo kubadilika ni kweli, hapo jamaa hakunidanganya, ila kule Seattle 2018 waliona nyaya za ubongo zinabadilika ndani ya wiki 8 kwa watoto waliofundishwa KUSOMA, masaa manne kwa siku, siku tano kwa wiki. Kusoma dada, siyo kusikiliza piipii.

Kwa hiyo mi sheria yangu moja tu, kama mtoto hana herufi mbele ya macho na sauti yake mdomoni, hela haitoki, hata waje na koti la dhahabu. Wangu sasa anafundishwa na jirani, mwalimu mstaafu wa darasa la kwanza, vizibo vya soda vimeandikwa herufi, anashika kizibo, anatamka sauti, anaichora na kidole kwenye sinia la unga, ba be bi bo bu, nusu saa kila siku, huu mwezi wa nne na mama yake analalamika unga unaisha. Jana kashika mfuko jikoni kasoma se... mbe. Polepoooole, lakini kasoma.