Nimepiga Debian, sasa mashine inanikatalia

SWALI: Shikamoo fundi. Nina steshenari ndogo hapa Ngamiani, Tanga, natoa kopi, naprinti na kuwajazia watu fomu za mtandaoni. Laptopu yangu ya zamani ilikuwa nzito mno nikapiga Debian 12, ule mfumo wa Linux, kwa fleshi bila intaneti, Windows nimeiacha pembeni kwa sababu programu ya risiti iko huko. Sasa nikiandika sudo, ile komandi ya kuomba mamlaka ya mkuu wa mashine, naambiwa jina langu halimo kwenye faili la sudoers, yaani orodha ya wanaoruhusiwa, nikitaka kuongeza programu inataka niingize diski na mi diski sina, alafu nikirudi Windows saa imerudi nyuma masaa 3, juzi mteja kanirudishia risiti, kanunua saa 8 mchana risiti inasema saa 5 asubuhi. Jirani ananishauri niwe naingia moja kwa moja kama root, yule mtumiaji mwenye mamlaka yote, niachane na sudo. Nifanyeje?
Binti wa Ngamiani

JIBU: Marahaba binti yangu, na pole. Nianze na ushauri wa jirani maana huo ndo umenishtua kuliko hayo mengine yote. Usifanye hivyo. Root akisema futa, inafutwa, hamna wa kumuuliza. Mi mwenyewe miaka ya nyuma niliingia kama root kwenye mashine ya ofisi ya watu, niko ndani ya folda la /etc linaloshika mipangilio ya mfumo, nataka kufuta vifaili vyangu vya akiba, badala ya rm *.bak nikaandika rm * .bak, yaani nafasi moja tu imeingia katikati, nikabonyeza enta. Passwd, shadow, fstab, kila faili lililokuwa pale juu likaondoka, mashine ikawa haimjui mtu yeyote, nikakesha nayo mpaka adhana ya alfajiri. Ningekuwa mtumiaji wa kawaida ingenijibu huna ruhusa, basi, ningeona kosa langu na kazi ingeendelea.

Sasa hiyo sudo. Wakati unapiga Debian ilikuuliza pasiwadi ya root na wewe ukaijaza, si kosa, wengi wanajaza, ila ukishaijaza inahesabu kwamba root yupo na wewe haikuingizi kwenye kundi la sudo, ungepaacha wazi ingekuingiza yenyewe. Fungua taminali andika su - na hicho kistari kisikose, hapo ndo watu wanakwama sana, kwa sababu tangu Debian 10 ukiandika su peke yake unakuwa root kweli lakini mashine haiendi kutafuta komandi kule /usr/sbin, ukiita adduser inakwambia hakuna kitu kama hicho na wewe unadhani umepiga vibaya. Ukishaingia andika adduser jinalako sudo, jinalako likiwa lile unaloingilia, kisha exit, alafu toka kwenye akaunti yako kabisa uingie upya. Kufunga dirisha la taminali tu hakutoshi, makundi yako yanasomwa pale unapoingia.

Diski inaitaka kwa sababu ulipiga bila intaneti, kwa hiyo sehemu pekee inayoijua ya kuchukulia programu ni ile fleshi, na yenyewe inaiita diski. Kabla hujagusa chochote tunza kopi: sudo cp /etc/apt/sources.list /etc/apt/sources.list.zamani. Fanya hivyo kwa kila faili la mfumo unalobadilisha, na uandike kwenye daftari umebadilisha nini na tarehe, daftari la karatasi, kwa sababu siku mashine ikigoma kuwaka maelezo yaliyo ndani yake hutayaona. Kisha fungua faili lenyewe ulihariri kwa sudo nano /etc/apt/sources.list, mstari unaoanza na deb cdrom uuwekee alama ya # mbele, chini yake ongeza hii:

deb http://deb.debian.org/debian bookworm main non-free-firmware
deb http://deb.debian.org/debian bookworm-updates main non-free-firmware
deb http://security.debian.org/debian-security bookworm-security main non-free-firmware

Bookworm ndo jina la Debian 12. Huo mstari wa tatu usiuache hata kidogo, ndo unaoleta viraka vya usalama na wewe unashika vitambulisho vya watu hapo dukani. Hifadhi, kisha sudo apt update na sudo apt full-upgrade. Kama waifai bado haijashika, chomeka simu kwa waya wa USB uwashe kushea intaneti, mara nyingi inashika yenyewe, ila mzigo wa mara ya kwanza ni mkubwa kwa hiyo subiri bando la usiku.

Tuje kwenye saa. Ndani ya laptopu kuna saa inayotembea hata ukiwa umezima, inaishi kwa kibetri kidogo kwenye bodi. Windows inaiweka saa hiyo kwa majira ya hapa, Linux, ndo hiyo Debian yako, inaiweka kwa UTC, yaani saa ya kimataifa, na sisi tuko masaa 3 mbele ya UTC. Debian ikipata intaneti inairekebisha kwa desturi yake, kesho yake Windows inaamka inaisoma kama ndo saa ya Tanga, risiti inatoka saa 5. Hamna kilichoharibika, mifumo miwili inasoma saa moja kwa namna mbili. Andika:

sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam
sudo timedatectl set-local-rtc 1

Ya kwanza ni kwa sababu wengi wakati wa kupiga wanabonyeza enta enta na nchi inabaki Marekani. Ya pili inaiambia Debian ifuate desturi ya Windows. Ukiandika timedatectl peke yake baadae itakupa onyo refu kwamba mpangilio huu una matatizo, na shida kubwa inayotajwa ni ya nchi zinazosogeza saa mbele na nyuma kwa misimu. Sisi hatusogezi, kwa hiyo hapo Ngamiani usihofu. Hakikisha tu saa ya Debian iko sawa wakati unaandika hiyo ya pili, kwa sababu ndo inayokopiwa kwenye ile saa ya ndani.

Printa iache mwishoni, sudo apt install cups, ndo programu ya kuendesha printa, alafu fungua localhost:631 kwenye brauza. Ukimaliza zima, ingia Windows, toa risiti moja ya majaribio uangalie saa yake kabla hujafungua duka.