Jeni ninalo, limezimwa na nani?

SWALI: Shikamoo Mzee wa Hadubini. Mimi ni mwalimu wa sekondari, naishi Majengo hapa Moshi. Nilipima damu kabla ya upasuaji wa ngiri, neutrofili (chembe nyeupe za kinga) zikatoka 1.3 na alama nyekundu pembeni. Daktari wa kwanza akaahirisha upasuaji. Wa pili akacheka: "Hiyo ni Duffy tu, jeni limezimwa kwenye promota." Limezimwa na nani? Na wanangu je?

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Huyo wa pili huenda kasema kweli, ila kakuachia maelezo nusu.

Duffy ni protini ya kwenye ngozi ya chembe nyekundu za damu. Jina ni la mgonjwa wa Uingereza ambaye damu yake ndiyo iliyoifichua mwaka 1950. Sisi wengi wa kusini mwa Sahara chembe zetu hazina. Jeni lake tunalo, kamili. Kilichobadilika ni herufi moja tu ya DNA mbele yake, kwenye promota, pale kazi ya kulinakili jeni inapoanzia.

Mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia mashamba, unaujua. Hata shamba liwe zuri vipi, mwenye zamu asipokuja na jembe kufungua maji, mahindi yatanyauka. Kwenye uboho, chembe nyekundu zinapotengenezwa, mwenye zamu ni protini iitwayo GATA-1. Jina lake ndiyo kazi yake: hutafuta herufi G, A, T, A zilizofuatana, ikashika hapo, na kunakili kukaanza. Wenye damu kama yetu pameandikwa GGTA. GATA-1 inapita, haina pa kushika, shamba linakauka. Watafiti wa Paris walilionyesha hilo mwaka 1995.

Utamu uko hapa. Seli za ndani ya mishipa midogo ya damu zina jeni hilohilo, lenye kosa hilohilo, na Duffy wanaitoa kama kawaida. Kule GATA-1 hana zamu. Maji yanaingizwa na protini nyingine, kwa mlango mwingine. Kwa hiyo halijazimwa mwilini, limezimwa kwenye chembe nyekundu tu.

Na neutrofili? Watu wa namna hii huwa nazo chache ndani ya damu, wakati mwingine hata chini ya 1.5, na hawaugui kuliko wengine. Viwango vilivyochapwa kwenye karatasi nyingi vilitokana na damu za Wazungu. Nimekaa maabara miaka 31, na haya nimeyasoma nikiwa nimeshastaafu. Karatasi nilizozipiga kalamu nyekundu nikiwatia watu hofu, sitaki hata kuzihesabu.

Wanao: ili chembe zikose Duffy lazima nakala zote mbili ziwe na GGTA, ya baba na ya mama. Kama mama yao ni wa huku kwetu, yaelekea nao wako hivyo. Wamerithi na faida: malaria ya vivax hutumia Duffy kuingilia kwenye chembe, hivyo huwapata kwa shida. Ila ya falsiparamu, ndiyo iliyojaa Kahe na kwenye mashamba ya miwa ya TPC, ina milango yake mingine. Chandarua kibaki.

Rudia kipimo baada ya wiki chache, na utafute matokeo yako ya zamani. Yakiwa 1.2, 1.4, 1.3 miaka nenda rudi bila homa wala vidonda vya kinywa, mpelekee daktari wa upasuaji yote kwa pamoja. Ngiri usiilaze.