Tiketi ya theluji inunuliwe kabla ya theluji

Mhariri, wiki hii mmeuliza: tiketi ya siku moja ya lifti, yaani vile viti vya kwenye waya vinavyokupandisha juu, kwenye milima ya kuteleza juu ya theluji huko Marekani imepita dola 300, familia ya kipato cha kawaida ifanyeje? Ninaishi Aurora, Colorado, na nina watoto wawili wa shule ya msingi ambao kila ikifika Januari wananidai mlima. Nitajibu ya Colorado tu. Ya Utah na Vermont wayaseme wanaokaa huko.

Bei hiyo ya dola 300 na ushee ni ya dirishani, yaani ya anayenunua siku hiyohiyo, pale kwenye milima mikubwa ya Vail au Beaver Creek, siku ambazo watu wamejaa. Nionavyo mimi, imewekwa ikutishe, ili mwakani ununue mapema. Kampuni inataka hela yako iwe imeshaingia kabla hata haijajulikana kama theluji itaanguka ya kutosha. Vail Resorts, kampuni yenye milima hiyo, walianza mtindo huu na pasi yao ya msimu, Epic Pass, mwaka 2008, washindani wao wa Ikon Pass wakafuata 2018, na tangu hapo anayefika asubuhi na pochi mkononi ndiye anayekamuliwa. Kwa hiyo akiba kubwa unaipata Septemba na Oktoba, watu wakiwa bado wamevaa fulana. Mimi nimeshawazoesha nyumbani: shule zikifunguliwa Agosti, tunakaa mezani kupanga tarehe za mlima.

Pasi ya msimu mzima siipendekezi kwa mtu anayeteleza mara chache kwa mwaka. Jamaa wananunua kwa tamaa, halafu wanakwenda milimani hata wakiwa na mafua ili pasi irudishe gharama yake. Kuna Epic Day Pass, unanunua siku unazotaka, kuanzia moja hadi saba, kabla mauzo hayajafungwa mwanzoni mwa Desemba. Siku moja ya Keystone, mlima mwingine wa kampuni hiyo, kwa njia hiyo huwa nusu ya bei ya dirishani au chini ya hapo. Ila soma vizuri unachonunua: zile za bei nafuu zaidi haziruhusu sikukuu, yaani wikiendi ya Thanksgiving (sikukuu ya shukrani ya Novemba), siku za baada ya Krismasi, na zile wikiendi ndefu za Januari na Februari. Na pasi ina jina na picha yako. Ukiona mtu mtandaoni anakuuzia yake ya msimu "kwa bei ya kutupa", muache nayo. Mlinzi wa lifti akiishika, inanyang'anywa, na hela yako huioni tena.

Sasa nije kwenye mlima ninaoupenda kuliko yote, Loveland. Upo kandokando ya barabara kuu ya I-70, na handaki la Eisenhower limepita chini ya mteremko wenyewe, kwa hiyo wewe unateleza juu na malori yanapita tumboni mwa mlima. Hakuna hoteli hapo, hakuna maduka ya manukato, na maegesho ni bure. Kila msimu wa mapukutiko wanauza kifurushi cha tiketi nne, wanakiita 4-Pak, na uzuri wake ni kwamba tiketi hizo hazifungwi kwa mtu mmoja. Baba, mama na watoto wawili mnaweza kuzimaliza siku moja, au ukaenda peke yako mara nne, au ukampa shemeji aliyekuja kutembea. Kwa familia kama yangu hakuna hesabu iliyokaa vizuri kuliko hiyo. Kwenye maegesho utaona watu wamefungua buti za magari wanakula. Sisi hubeba hotpoti ya maharage na chapati, na chai ya tangawizi kwenye chupa, maana sahani ya chipsi huko juu mlimani inaweza kuula unafuu wote ulioupata kwenye tiketi.

Watu hunijibu kwamba Loveland ni ndogo. Ndogo kwa nani? Vail ina zaidi ya ekari 5,000, lakini anayeanza atashinda kwenye kipande kimoja cha mteremko, anapandishwa na ule mkanda unaotembea kama wa mizigo uwanja wa ndege, anaanguka, anainuka. Kulipia ekari 5,000 kwa ajili ya kipande hicho ni kutupa hela. Milima midogo ina vifurushi vya wanaoanza, ambapo somo, vifaa na lifti ya wanaoanza vinakuwa kwenye bei moja. Anza huko.

Watoto wana mpango wao. Wa miaka 5 kushuka chini hawalipi Loveland. Watoto wa Colorado wa chekechea hadi darasa la 5 wana Epic SchoolKids, siku za bure kwenye milima ya Vail Resorts, lakini usajili unafungwa mapema, na wazazi wengi wa kwetu huja kusikia habari hizi Desemba, kumeshafungwa. Wa darasa la 3 hadi la 6 wana pasi nyingine ya umoja wa milima ya jimbo, kwa ada ndogo, na Loveland imo. Vijana waliomaliza sekondari nawaambia waombe kazi ya wikiendi mlimani, hata ya kukagua tiketi, kwa sababu wafanyakazi hupewa pasi.

Usafiri nitaupitia haraka. Basi la jimbo, Snowstang, linatoka Denver wikiendi za msimu na kusimama Loveland pia. Ukienda na gari lako, hakikisha matairi ni ya majira hayo, kwani kwenye I-70 hiyo ni sheria tangu Septemba hadi Mei. Na ile kadi ya plastiki ya lifti usiitupe, mwakani inajazwa tena. Iweke mfuko wake peke yake, mbali na simu. Simu ikiwa jirani geti halifunguki, nawe unabaki unajipapasa huku foleni nzima nyuma inakutazama.

Mmeuliza pia kuhusu wageni wanaotoka nyumbani kuja kula Krismasi huku, wanataka picha ya theluji wakawaonyeshe watu. Kuanzia tarehe 26 hadi mwaka mpya sinunui tiketi ya mtu yeyote. Nawapeleka Ruby Hill, bustani ya jiji hapo Denver, wanashuka kwa sleji ya plastiki mpaka vidole vinaganda. Picha zinatoka theluji ileile.