Regyuleta ya mafuta haisetiwi kwa sikio

Wakuu, mimi siyo fundi, ni mtu wa Isevya hapa Tabora mwenye Toyota GX90 iliyonifundisha kwa hasira.

Regyuleta, kile kifaa kinachodhibiti presha ya petroli inayoenda kwenye injini, ya zamani ilipasuka kiwambo cha ndani. Nilijuaje, nilichomoa ule mpira mdogo wa vakyumu (mvuto wa hewa wa injini) unaotoka kwenye manifodi, bomba la kuingizia hewa, ukadondosha petroli, na ule unatakiwa uwe mkavu kabisa, ukikuta petroli humo acha kuhangaika na plagi. Orijino sikuipata nikachukua ile ya kurekebisha kwa skrubu. Ila kama gari yako iko kama ilivyotoka kiwandani na haina tabo, usidanganywe eti itaongeza mbio, utaongeza safari za sheli tu.

Fundi wa kwanza, wa gereji bubu, alikaza skrubu huku anasikiliza mlio akasema bosi iko poa hiyo. Poa wapi! Moshi mweusi, plagi zimejaa masizi kama sufuria ya kuni, na mafuta yaliyokuwa yananipeleka Nzega na kunirudisha sasa yanakata kabla sijafika nyumbani. Nikaazima geji ya presha ya mafuta, nachomoa vakyumu nakuta psi 58 (psi ni kipimo cha presha) wakati Toyota nyingi za umri huu zinataka kama 38 mpaka 44 hivi. Hapo nozeli, zile zinazopuliza petroli kwenye injini, zinamwaga tu.

Tukarudia mwanzo na fundi mwingine. Kwanza toa presha, chomoa rilei ya pampu (ile swichi ya umeme inayoiwasha), washa gari mpaka ijizimie yenyewe, halafu toa waya wa negativu wa betri. Na angalia pembeni jamani, sisi tulikuwa hatua chache na jiko la mkaa la mama ntilie, ikabidi tuisukume gari upande wa pili. Regyuleta inakaa baada ya reli ya nozeli, yaani bomba linalozigawia mafuta, mafuta yanapita pembeni na mdomo wa chini unarudisha kwenye tangi. Mpira uwe wa injekisheni, ule laini wa kabureta hauvumilii presha hii. Pia zile nipo (viungio vya kuchomekea mpira) zenye oringi usizizungushie tepu ya mabomba ya maji, kipande kikikatika kinaenda kuziba kitu.

Kabla ya kupiga stata rudisha betri na rilei, ikishawaka na pampu ikajaza presha, kagua kila kiungio kwa tochi ya simu.

Sasa kuseti ndiyo penyewe. Gari inaunguruma bila kukanyaga, chomoa mpira wa vakyumu uuzibe mdomo, kisha legeza nati inayoshikilia skrubu ya regyuleta, zungusha skrubu kidogo kidogo ukiangalia geji, kulia inapanda kushoto inashuka. Mimi niliacha 42. Ukirudisha mpira lazima ishuke kama psi 7 mpaka 10, hapo ndipo watu wengi wanashtuka wanaikaza tena, usiguse! Ndivyo inavyotakiwa. Na kama umelegeza mpaka mwisho haishuki, angalia bomba la kurudisha mafuta, inawezekana limejikunja au limeziba.

Kaza nati huku macho yako kwenye geji maana skrubu huwa inazunguka nayo. Nilienda Nzega na kurudi, nikafungua boneti nikakuta klipu moja inatoa jasho la petroli, nikaikaza robo mzunguko, tangu hapo ni kavu.