Mgonjwa yuko Micheweni, daktari yuko mjini: kisunzi kinapimwaje kwa simu?

SWALI: Assalamu alaikum daktari. Mimi ni tabibu wa kituo cha afya huku Micheweni, Pemba. Haipiti wiki bila kupata watu wawili watatu wenye kisunzi, na wengi wao hawana nauli ya kufika Mkoani, seuze Unguja. Sasa tunaweza kuwaonesha madaktari wa mjini kwa video. Lakini kisunzi si kidonda, hakionekani. Nimuulize nini mgonjwa, nimfanyishe nini mbele ya simu, na nitamjuaje asiye wa kusubiri?

JIBU: Waalaikumu salaam, ndugu yangu. Kisunzi kinaonekana, machoni na miguuni. Ila kabla ya kuwasha kamera ipo kazi ya masikio yako, na hapo ndipo wengi wetu tunapoteleza.

Tulifundishwa kumuuliza mgonjwa anahisi nini. Akisema dunia inazunguka, ni sikio. Akisema anaona kiza, ni presha au moyo. Akisema anapepesuka, ni mishipa ya fahamu. Mimi njia hiyo nimeiacha. Mtu yuleyule asubuhi atakwambia "kichwa kinanizunguka", jioni "nakuwa mwepesi kama karatasi", na wala hasemi uongo. Muulize mambo ambayo hayaharibiki njiani: kilianza lini, kikija kinakaa muda gani, na kinaletwa na nini.

Kikikaa chini ya dakika moja, na huja akijigeuza kitandani au akitazama juu, fikiria chembe za chokaa zilizotoka mahali pake ndani ya sikio na kuingia kwenye mirija ya nusu duara. Hiki ndicho kisunzi utakachokutana nacho sana. Kikikaa dakika ishirini mpaka saa kumi na mbili, pamoja na sikio kuziba, kuvuma na kupoteza usikivu, hapo unanusa ugonjwa wa sikio la ndani uitwao Ménière. Kipandauso nacho huleta kisunzi cha dakika tano hadi siku tatu, na si lazima kichwa kiume siku hiyohiyo. Kikiwa hakikatiki kwa siku nzima au zaidi, basi ni mshipa wa usawa wa sikio uliovimba, au ni kiharusi cha nyuma ya ubongo. Hawa wawili wanafanana mno, nami nitawarudia.

Kuna mtego hapa. Mwenye chembe atakwambia "siku nne sijapumzika", kwa sababu kichefuchefu na hofu hubaki hata kisunzi kikiondoka. Basi muulize: ukikaa kimya, kichwa hukitikisi, kinaisha kabisa au kinapungua tu? Kila kisunzi huzidi mtu akitikisika, hata cha kiharusi. Tofauti ni kati ya kinachozaliwa na mtikisiko na kinachozidishwa nao.

Swali ninalolipenda kuliko yote kwa wagonjwa wa kwetu ni la sala. Kinakuja unaposujudu na kuinua kichwa, au unaposimama wima kwa rakaa inayofuata? Kwenye sijda kichwa kinapinduka, chembe zinasogea. Kwenye kusimama, presha ndiyo inayoshuka. Aliyeniambia kuwa wiki mbili sasa anasali kwenye kiti alinipa habari zaidi ya fomu nzima. Na msimu wa karafuu ukiwa umefika, uliza kama anapanda mikarafuu. Jibu likiwa ndiyo, mkataze hapohapo, kabla hata hujajua ugonjwa. Mvuvi naye asiende baharini, na wa bodaboda aweke ufunguo chini.

Kisha mwambie alete mfuko wa dawa, aumwage mezani mbele ya kamera. Utaona vidonge vya presha, vya sukari, vya usingizi, kwinini. Uliza pia sindano za jentamaisini, dawa ya kuua vijidudu, za miezi iliyopita. Dawa hii inaweza kuua usawa wa masikio yote mawili, na mgonjwa wa namna hiyo hazungukwi na kitu. Yeye hulalamika kuwa akitembea vitu vinarukaruka mbele yake, na usiku gizani hawezi kwenda msalani bila kushika ukuta. Ukimsubiri aseme "nazungukwa", utamkosa.

Sasa simu. Mgonjwa asiishike yeye mwenyewe. Aelekee dirisha au mlango, mwanga umpige usoni. Tumia kamera ya nyuma, sentimita thelathini hivi kutoka machoni, na urekodi halafu utume. Usitegemee mazungumzo ya moja kwa moja kwa sehemu hii, maana mtandao ukisuasua picha zinaruka, na mboni inayocheza inaonekana imetulia. Nimewahi kusifu macho ya mtu kuwa hayana neno, kumbe video ilikuwa imeganda. Mgonjwa atazame mbele, kulia, kushoto, juu, chini, kila upande sekunde kumi, asifike mwisho kabisa wa jicho kwani huko hata mzima mboni zake hucheza kidogo. Kinamama wanaovaa nikabu hawana haja ya kuivua kwa hatua hii, tunachokitaka ni macho tu. Muombe ruhusa kabla ya kurekodi, na video ikishafika na kuangaliwa, ifute kwenye simu yako.

Unachotafuta kinaitwa nistagmasi: macho yanateleza polepole upande mmoja kisha yanarudi kwa kasi. Ikiwa kasi ni ya upande uleule popote atazamapo, tena inazidi akitazama upande huo, inaelekea kuwa ni sikio. Ikigeuka, yaani akitazama kulia inapiga kulia na akitazama kushoto inapiga kushoto, au inapiga juu na chini tupu ilhali amekaa tu, huyo ni wa ubongo na safari yake ianze. Halafu ziba jicho moja kwa kiganja, hamisha uzibe la pili, mara kadhaa, naye akikazia macho kitu kimoja. Jicho linalofunuliwa likipanda au kushuka ili kukipata kitu hicho, nayo ni dalili ya ubongo.

Kipo kipimo cha tatu kinachokwenda pamoja na hivyo viwili, cha kukigeuza kichwa ghafla na kuangalia kama macho yanabaki shabahani. Mbele ya mgonjwa ni kipimo kizuri sana. Kwa simu sikitaki. Marekebisho ya jicho ni ya sehemu ndogo ya sekunde, na kamera ya kawaida inachukua picha thelathini tu kwa sekunde. Tena kina maana kwa yule tu ambaye kisunzi kinaendelea sasa na macho yanacheza. Ukimfanyia wa chembe aliyetulia, jibu litatoka zuri, na jibu zuri katika kipimo hiki kwa mwenye kisunzi kisichokatika ndilo la kiharusi. Utajitisha bure, na mzee wa watu umemvunja shingo.

Sasa miguu. Miaka kadhaa nyuma nilimuona kwa video mzee wa umri wa miaka sitini hivi, wa shamba, Unguja kaskazini. Kisunzi tangu alfajiri, anatapika, macho yanapiga upande mmoja vizuri kama kitabuni. Alikuwa amekaa kitandani, mgongo kwenye ukuta, ananijibu kwa adabu zote. Nikasema ni mshipa wa sikio, nikaandika dawa. Asubuhi binti yake akapiga: baba akikalishwa anaanguka upande kama gunia. Kilikuwa kiharusi cha ubongo mdogo, ule wa nyuma unaoshika usawa. Mzee alipona, anatembea na mkongojo, na akinikuta huniuliza hali yangu kana kwamba mgonjwa ni mimi. Sikumwambia atoke ukutani. Hilo tu.

Kwa hiyo siku hizi naanza na miguu. Akae kwenye benchi bila kuegemea wala kushika. Asimame, nyayo pamoja, macho wazi, kisha afumbe. Atembee hatua kumi na kurudi, halafu kisigino kifuate kidole. Wewe au jamaa yake awe karibu, mikono tayari, kamera ikae mbali mpaka miguu ionekane yote. Mgonjwa wa sikio anayumba, anavutwa upande mmoja, lakini anakwenda. Asiyeweza kukaa bila kushikiliwa, au kusimama peke yake, ni wa hospitali hata macho yake yakiwa mazuri vipi. Ukiwa hapohapo mwambie aguse pua yake na kidole chako kwa zamu, ataje jina na kijiji chake usikie ulimi, acheke uone mdomo, anywe funda la maji.

Presha ipime amelala dakika tano, kisha amesimama dakika ya kwanza na ya tatu. Ikishuka 20 au zaidi kwa namba ya juu, au 10 kwa ya chini, umepata la kufanyia kazi. Sukari pia, na wekundu wa macho na viganja ujue kama damu inatosha. Hapa sina la kukufundisha.

Kwa yule wa sekunde chache, wewe uliye naye una nafasi ambayo mimi sina: unaweza kumpima na kumtibu kabla hajaondoka kitandani. Kipimo ni cha madaktari Dix na Hallpike, waliokieleza 1952. Mkalishe kitandani, kichwa kigeuze nyuzi 45 upande unaoshukiwa, mlaze chali kwa haraka, mto uwe chini ya mabega ili kichwa kining'inie kidogo nyuma. Macho asifumbe, ingawa atataka. Jamaa arekodi. Subiri nusu dakika nzima. Wa chembe macho hutulia sekunde chache kwanza, kisha hupiga juu kuelekea kipaji cha uso huku yakijiviringisha upande wa sikio lililo chini, na hukoma kabla ya dakika. Mwenye shingo mbaya usimlaze hivyo. Yeye kichwa kigeuze upande wa pili, mlaze ubavu wa sikio unaloshuku. Macho yakianza papo hapo, yakapiga chini kuelekea miguuni na yasichoke, acha kila kitu, tuma video.

Kipimo kikionesha ni chembe, endelea na zoezi la Epley la kuzirudisha mahali pake, bila kumwinua: kaa na kichwa hapo dakika moja, kigeuze nyuzi 90 upande wa pili, dakika nyingine, kisha mwili wote ujiviringishe ubavuni pua ikitazama sakafu, dakika, halafu akae. Daktari Epley wa Portland, Marekani, alilichapisha zoezi lake 1992 baada ya miaka ya kuchekwa na wenzake, na sishangai. Hata sisi mgonjwa hutuuliza, "Basi? Hata kidonge?" Sinarizini, kidonge cha kutuliza kisunzi, haisukumi chembe. Kwa mwenye kisunzi kisichokatika mpe dawa ya kutuliza siku mbili tatu, si zaidi, kwa sababu ubongo unahitaji kujifunza upya usawa na dawa hizo zinaulaza.

Wa kutosubiri, basi: asiyetembea au asiyekaa, anayeona vitu mbilimbili, mwenye ulimi mzito au mdomo uliopinda, aliyekufa ganzi uso au mkono, mwenye maumivu mapya makali ya kichwa au shingo, na aliyepoteza usikivu ghafla. Ongeza mtu wa presha, sukari au umri mkubwa ambaye kisunzi kimemwanza ghafla na hakikatiki, japokuwa macho yake yanakushawishi kuwa ni sikio. Mpeleke amelala ubavuni kama anatapika, na kwanza kwenye hospitali yenye daktari huko huko Pemba, hata Abdalla Mzee pale Mkoani, kabla ya kufikiria boti. Wakimpiga picha ya CT siku hiyo ikatoka safi, isiwatulize. Viharusi vya nyuma ya ubongo mara nyingi havionekani kwenye CT saa za mwanzo.

Ukinitumia mgonjwa, andika juu ya ujumbe: umri, kilianza lini, kinakaa muda gani, ametembea au hakutembea. Video iwe ya pili. Na mwenye kushika simu asiwe anasema "pole, pole" kila mboni ikiruka, mkono unatikisika.

Uliyemfanyia Epley mpigie baada ya wiki. Usimuulize kama amepona, atakujibu alhamdulillahi hata akiwa sakafuni. Muulize anasalia wapi sasa, kitini au mkekani.