Transkripti Isivuke Mpaka Bila Maelezo

Kila mwaka, kuanzia mwezi wa Agosti hivi, wahitimu wetu hapa Nairobi huanza kunitafuta niwaandikie barua za mapendekezo, kwa kuwa wanaomba nafasi za shahada ya uzamili Marekani, Uingereza au Ujerumani. Karibu wote huja na transkripti, yaani hati ya chuo yenye orodha ya kozi na alama, pamoja na wasifu, lakini ni wachache waliokwisha kujiuliza mtu wa huko ataisomaje hiyo safu ya alama. Mimi hutoa alama kama mhadhiri, na nimewahi pia kuketi katika kamati za ufadhili zinazopitia transkripti za wageni, na msimamo wangu ni kwamba alama isiyo na maelezo humdhuru mwanafunzi mzuri kuliko inavyomdhuru yule dhaifu.

Katika vyuo vikuu vyetu vingi, A huanzia 70, B ni 60 hadi 69, C ni 50 hadi 59, na D ni 40 hadi 49. Mwenye wastani wa 66 huhitimu kwa daraja la pili la juu, na nyumbani kwao watu wakala pilau. Marekani, mahali pengi A huanzia 90, na 66 ni D. Jedwali la kufafanua madaraja lipo kwenye transkripti zetu, ila aghalabu limechapishwa upande wa nyuma, au chini kabisa kwa herufi ndogo, na kijana wa saiba, yaani duka la intaneti, pale barabara ya Tom Mboya huskani upande wa mbele tu, akatoza pesa yake na kumwita mteja anayefuata. Kwa hiyo hakikisha kurasa zote mbili zimo ndani ya faili moja, na kwamba herufi hizo ndogo zinasomeka.

Hata hivyo, jedwali huondoa nusu tu ya tatizo. Nilikuwa na mwanafunzi aliyepata 63 katika nadharia ya uwezekano na 72 katika stadi za mawasiliano. Mgeni akitazama karatasi ile ataona kijana hodari wa mawasiliano anayejikongoja katika hesabu, ilhali darasa la uwezekano lilikuwa na watu wapatao 140, alama ya kati, yaani ile inayoligawa darasa nusu kwa nusu, ilikuwa 47, na waliovuka 60 walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Katika stadi za mawasiliano, nusu ya darasa ilikuwa na A. Barua ya idara ilisema hayo kwa sentensi mbili, bila sifa wala chumvi, na kwa maoni yangu zilikuwa na uzito kuliko aya yangu nzima ya kumsifu.

Wapo waliofanya jambo hili kuwa utaratibu wa chuo kizima. Chuo cha Dartmouth, Marekani, tangu katikati ya miaka ya 1990 huchapa kwenye transkripti alama ya kati ya kila kozi pamoja na idadi ya wanafunzi. Chuo Kikuu cha Cornell, hukohuko Marekani, nacho kilianza kuzitangaza alama za kati mtandaoni mwaka 1998, na watafiti wakagundua kwamba wanafunzi walikuwa wakizitumia kuchagulia kozi zenye alama za ukarimu. Mwaka 2011 chuo kikaacha kuzitangaza mtandaoni. Hofu hiyo hutajwa na wenzangu kila wazo hili linapozuka katika vikao vyetu, nami siioni kuwa na nguvu sana hapa kwetu, kwa sababu mwanafunzi wa uhandisi au wa takwimu husoma kozi zilezile na darasa lake lote, na hana pa kukimbilia. Ningependa kuona vyuo vyetu vikiongeza safu hizo mbili.

Mpaka hapo watakapofanya hivyo, iombe idara yako barua. Mwandikie mwenyekiti wa idara baada ya matokeo kupitishwa na seneti, ukitaja namba yako ya usajili na kuomba mambo matatu: ukubwa wa darasa, alama ya kati ya kila kozi, na nafasi yako katika kundi lenu la kuhitimu. Ukiambiwa kwamba Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inakataza, eleza kwa adabu kwamba huombi alama za mtu yeyote, na kwamba alama ya kati ya darasa kubwa haimfichui mtu. Darasa la watu watano ni jambo jingine, liache. Omba kozi zote za mwaka husika, si zile tatu zinazokupendeza, maana msomaji mzoefu hutambua upesi orodha iliyochujwa.

Katika maelezo binafsi utakayoandika mwenyewe, usitetee kila C. Kama muhula ulikatizwa na mgomo wa wahadhiri, au na kufungwa kwa vyuo Machi 2020, au kama una pengo kwa sababu alama zako zilipotea na zikaingizwa baadaye, sema hivyo kwa sentensi moja yenye tarehe, kisha uendelee na habari ya unachotaka kusoma. Pia usitarajie barua ibadilishe hesabu za mashirika yanayolinganisha vyeti, kwani hayo hufuata majedwali yao wenyewe. Barua humfaa yule mhadhiri wa huko atakayeamua kama anakutaka.

Idara ikikataa, mpe anayekuandikia mapendekezo takwimu hizo azitaje yeye, mradi ndiye aliyefundisha kozi hiyo. Na barua yoyote utakayopata iwe kwenye karatasi rasmi ya idara, yenye mhuri, tarehe, na anwani ya barua pepe ya chuo, kwa sababu ikiwa na anwani ya kibinafsi, kamati nyingine haitaisoma hata kidogo.