Kabla hujaagiza breki kubwa, inua gari kwa jeki

Nilianza kutafuta breki mpya usiku ule ule wa kisa cha mbuzi. Nilikuwa natoka Watamu, jua limeshazama, nimepita njia panda ya Gede nashika barabara ya kurudi Malindi, mara mbuzi wawili wakachomoka kichakani. Nikakanyaga. Pedali ikazama kuliko nilivyoizoea, gari likavuta kushoto, likaja kusimama pua ikiwa imeshaingia majanini. Mbuzi wakavuka taratibu, kama wenye barabara yao.

Gari lenyewe ni Mazda MX-5 ya 1991, ile ya injini ya lita 1.6 na taa zinazofumbuka juu ya boneti. Viti viwili, paa la turubai, uzito haufiki tani moja. Nililinunua kwa mgeni aliyekuwa akifunga nyumba yake hapa arudi kwao. Hukumu niliyoitoa usiku ule ilikuwa nyepesi: gari la zamani, breki za zamani, dawa ni breki za kisasa. Kufika saa sita nilikuwa nimeshajaza kikapu mtandaoni: kalipa (vibanio vinavyozibana diski za breki) za pistoni nne, diski pana zenye matundu, paipu zilizosukwa kwa nyuzi za chuma. Kalipa zilikuwa nyekundu. Sitakudanganya, wekundu ule ulichangia.

Kilichonizuia si busara. Kadi ya benki ilikataa.

Asubuhi nikampelekea fundi wangu gari na picha. "Ami, nataka kubadilisha breki zote, niweke hizi." Akaitazama simu, akanirudishia. "Hizo ulizo nazo umeshaziona, mwanangu?"

Sikuwa nimeziona. Miaka mitatu nalo, na sijawahi kuvua gurudumu ila siku ya pancha.

Alipoliinua, ukweli ulitoka wenyewe. Kalipa ya mbele kulia ilikuwa imekwama kwenye pini zake. Aina hii ya kalipa ina pistoni upande mmoja tu, na ni lazima iteleze kwenye pini mbili ili pedi ya upande wa pili nayo iibane diski. Pini zikishika kutu, breki ya gurudumu lile inafanya kazi nusu, na gari linavutwa na upande ulio mzima. Ndiyo maana nilikwenda kushoto. Mafuta ya breki yalikuwa na rangi ya kahawa tungu. Paipu za mpira zilikuwa na nyufa, na aliponiambia nikanyage huku yeye ameishika moja, alisema anaisikia ikivimba mkononi. Nguvu yangu ya mguu ilikuwa ikiishia kunenepesha mpira.

Hapa pwani adui wa kwanza wa breki ni chumvi. Kusi ikivuma inapuliza unyevu wa bahari mpaka ndani ya gereji, na gari la starehe kama hili hukaa siku tano sita bila kutoka. Utando wa kutu unaouona kwenye diski asubuhi si neno, unafutika ukikanyaga mara chache. Kutu ya kuogopa ni ile usiyoiona, ya kwenye pini na pistoni. Na mafuta ya breki hunyonya maji hewani hata gari likiwa limelala. DOT 4, daraja la mafuta ya breki, ikiwa mpya haichemki chini ya nyuzi 230, lakini ikishanyonya maji ya kutosha inaweza kuchemka kwenye nyuzi 155 hivi. Ikichemka inatoa mvuke, na mvuke hubinyika. Unakanyaga mpaka sakafuni na gari linaendelea na safari yake.

Basi tukarudisha breki zilivyotoka kiwandani. Pini zikasafishwa na kupakwa grisi ya breki (si grisi yoyote, nyingine hutafuna mpira), mipira ya pistoni mipya, paipu mpya, pedi nzuri za kawaida, mafuta yote yakamwagwa na hewa ikatolewa gurudumu moja moja. Diski zilikuwa bado ziko juu ya unene wa chini uliochongwa kwenye chuma chenyewe, tukaziacha.

Siku ya pili alfajiri nikatafuta kipande cha lami kilichonyooka, hakuna bodaboda, hakuna tuktuk, hakuna mtu. Nikafika 60, nikakanyaga kwa nguvu zote. Magurudumu ya mbele yakafunga, matairi yakalia. Gari langu halina ABS, mfumo wa kuzuia magurudumu yasifunge, kwa hiyo jibu lilikuja waziwazi: breki hizi "ndogo" zina nguvu ya kulishinda tairi. Tairi likishaanza kuburuzika, hata ukifunga kalipa za lori hutasimama karibu zaidi. Nikainama nikasoma tarakimu nne za ubavuni: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Matairi yangu yalikuwa na miaka kumi na mmoja. Kashata ina ulaini kuliko mpira ule.

Pesa ya kalipa nyekundu ikanunua matairi manne, na chenji ikabaki.

Sisemi breki kubwa ni upuuzi. Zina kazi yake, na kazi hiyo ni joto. Breki hugeuza mwendo kuwa joto, na kusimama kutoka 120 kunazaa joto mara nne ya kusimama kutoka 60. Diski kubwa hulibeba na kulitawanya vizuri zaidi, kwa hiyo faida yake utaiona kwenye kukanyaga mara ya kumi, si ya kwanza. Sasa jiulize unaendesha wapi. Malindi hadi Mombasa ni kama kilomita 120 za tambarare, na matuta yenyewe yanakulazimisha kupunguza mwendo. Diski hupoa kabla hujazihitaji tena. Anayeshuka mteremko mrefu wa Mai Mahiu mara kwa mara, anayeshindana, au aliyefunga turbo kwenye injini isiyozaliwa nayo, huyo ana sababu. Dalili yake ni breki kuwa nzuri asubuhi, kisha kulegea baada ya kukanyagwa sana mfululizo. Pedali iliyo laini tangu unawasha gari ni hewa, mafuta au paipu, na hilo halitibiwi na diski kubwa.

Na hata ukiamua, usiweke mbele tu ukasahau nyuma. Mbele ikizidi sana, magurudumu ya mbele yatafunga wakati ya nyuma hayajafanya kitu. Pistoni kubwa nazo zinataka mafuta ya breki mengi, na silinda kuu (pampu inayosukumwa na pedali) ikiwa ni ile ile, pedali itashuka zaidi. Pima rimu pia: langu lina inchi 14, na zile nyekundu zisingeingia, yaani ningenunua na rimu juu yake. Kwa gari kama langu njia ya kistaarabu ni kuchukua breki za ndugu yake wa 1.8, aliyeanza modeli ya 1994. Diski za mbele ni milimita 255 badala ya 235, za nyuma 251 badala ya 231, kiwanda kilishapima uwiano, na rimu zile zile zinatosha.

Nimemwambia fundi akiona seti hiyo kwenye gari lililokatwa Mombasa anipigie. Hajapiga, nami sijamkumbusha. Jumamosi nilipita tena Gede wakati wa magharibi, mbuzi wakiwa pale pale. Nilikuwa kwenye 50.